Nebula ya Carina kutoka Magadi
Jamani, nyota zimetulia! Jana usiku huku Magadi nimeifunga kamera ndogo mpya ya kuongozea darubini. Kazi yake ni kufuata nyota moja tu. Ikiona imehama kidogo, inaiamuru mota ya darubini irekebishe papo hapo. Karibu na ikweta, ncha ya kusini ya anga, yaani pale nyota zinapoonekana kuzunguka, iko takriban nyuzi 2 juu ya upeo wa macho, imefichwa na vilima, kwa hiyo kuulenga mhimili wa darubini kwenye ncha hiyo ni shughuli pevu. Sasa napiga picha za kukusanya mwanga kwa dakika tano tano, na nyota ni duara kabisa! Nebula ya Carina, wingu kubwa la gesi na vumbi lililo zaidi ya miaka ya nuru 7,000 kutoka kwetu, imejaa hidrojeni nyekundu na mikanda ya vumbi jeusi. Nimefurahi mno. Mwezi ukiandama narudi, anayetaka kuja aniambie.