Maharage, shangazi na mashine

Wazo la kuifundisha kompyuta kuchambua maharage nililitoa kwa Anna Ridler, msanii wa Uingereza aliyepiga picha 10,000 za maua ya tulipu kule Uholanzi, kisha akaandika kwa mkono rangi na hali ya kila ua. Picha hizo ndizo zilizoifundisha mashine yake. Hapa Mbeya tulipu sina. Maharage ninayo, na shangazi yangu anawachambulia wafanyabiashara wa soko la Mwanjelwa tangu sijazaliwa.

Nikatandaza karatasi nyeupe dirishani, simu nikaiegesha juu ya makopo mawili ya rangi: punje moja, picha moja. Shangazi aseme "zima" au "bovu", mimi niandike. Hata punje hamsini hatujafika, akagoma.

"Hili si zima, mwanangu. Hili ni mbegu."

Kumbe ana mafungu manne: la mbegu, la kuuza, la kula nyumbani na la kuku. Nikafuta yote, tukaanza upya.

Malipo ndiyo yaliyonitoa jasho. Yeye hulipwa kwa debe, na punje 1,600 tulizopiga picha hazifiki hata kilo. Kwa bei ya sokoni, siku nne za kukaa na mimi zisingemnunulia hata chumvi. Hapo ndipo ImageNet, hazina ya picha za kufundishia kompyuta, iliponiingia akilini: picha zaidi ya milioni 14, na waliozipanga ni maelfu ya watu waliolipwa vijisenti kupitia huduma ya Amazon iitwayo Mechanical Turk. Jina hilo ni la mashine ya kucheza chesi ya karne ya 18, ambayo ndani yake alijificha mtu. Yaani hawakuona hata haya! Shangazi nikamlipa kwa siku, kama kibarua wa shamba.

Kuifundisha programu ilikuwa kazi ya usiku mmoja. Nilichohangaika nacho ni sauti, maana nilitaka kila punje ikitokea ukutani, asikike shangazi akitaja fungu lake. Kuku waliingia karibu kila rekodi. Nikawaacha.

Jioni ya maonyesho, kwenye ukuta wa duka la fotokopi la rafiki yangu, kijana mmoja akaweka kokoto chini ya kamera. Mashine ikatamka, kwa sauti ya shangazi: "Mbegu."

Watu wakaangua kicheko. Shangazi hakucheka.

"Mawe nilikuwa nayatoa alfajiri, wewe umelala," akaniambia. "Wala hukuniuliza."