Uliyeitwa Kushika Nafasi ya Mwingine

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa sana kwenye Matendo ya Mitume sura ya kwanza, na sikuwa nimepanga kusoma hapo, kazi niliyopigiwa simu ndiyo iliyonipeleka. Wengi wenu mnajua mimi ni mpiga dramu wa kuitwa, sina bendi yangu, leo niko studio kesho niko kwenye tamasha, nikimaliza nabeba vijiti vyangu naondoka. Sasa safari hii nimeitwa kukaa nyuma ya mwimbaji mkubwa wa injili, jina lake naliacha, mpiga dramu wake wa miaka yote kaugua ghafla na tamasha lilishatangazwa, tiketi zimeshauzwa, hakuna namna ya kuahirisha. Nikakubali. Na tangu nikubali kuna kitu kinapigana ndani yangu ambacho naamini na wengine wenu mnakifahamu hata kama hamjawahi kushika kijiti.

Kitu chenyewe ni kwamba mtu anaweza kuitwa na asihesabiwe. Unaitwa kwa sababu kiti kimebaki kitupu na shughuli haiwezi kusimama, unafika, unafanya kwa moyo wako wote, watu wanabarikiwa, halafu mwishoni wanatajwa majina wote waliosimama pale, ukifika wewe inakuwa "na kaka yetu kwenye dramu". Ningependa kuwaambia kwamba hainisumbui. Inanisumbua, na hilo ndilo nimekuwa nikiliombea wiki nzima.

Sasa tumtazame Mathiya. Yuda ameanguka, nafasi iko wazi, wamekusanyika watu kama 120, Petro anasimama anasema lazima apatikane mtu. Lakini ona sharti analoliweka mstari wa 21 na 22, awe ni mtu aliyefuatana nao wakati wote, kuanzia ubatizo wa Yohana mpaka siku Bwana alipochukuliwa juu. Yaani Mathiya alikuwepo muda wote ule, alitembea njia zile zile, alisikia mafundisho yale yale, na ukisoma Injili zote nne hutalikuta jina lake. Anatajwa mstari wa 23, kura inamwangukia mstari wa 26, baada ya hapo Biblia haimtaji tena. Lakini soma alivyomalizia Luka, mwandishi wa kitabu hiki, "naye akahesabiwa kuwa pamoja na mitume kumi na mmoja". Hakuwekwa pembeni kama wa muda, hakuambiwa subiri kwanza tukuone. Alihesabiwa siku ile ile.

Hilo sharti la kuwepo wakati wote limenigusa kwa sababu ndivyo kazi yetu ilivyo. Watu wakikuona jukwaani na mtu maarufu wanadhani umeokota bahati. Hawajui usiku ulivyokuwa. Nilitumiwa orodha ya nyimbo jioni, nikaweka iyafoni masikioni nikaanza moja moja na daftari, hapa beti linaenda hivi, hapa kibwagizo mara mbili, hapa dramu inanyamaza anabaki yeye na kinanda, hapa tunarudi wote kwenye neno hili. Na siyo ule wimbo mliouzoea kwenye simu zenu, maana jukwaani huyu mama anaimba tofauti, spidi inapanda kidogo, na akiingia kwenye kuabudu wimbo wa dakika tano unaweza ukaenda dakika kumi na tano na hakuna daftari la kukuambia anatoka lini. Hapo unasoma mwili wake. Ngumi ikipanda wote mnakata pamoja, kiganja kikishuka mnapunguza sauti, kidole kikizunguka mnarudia. Na kuna ishara moja ambayo hata yeye mwenyewe sidhani kama anaijua, mpiga besi ndiye aliyeninong'oneza wakati tunapima mitambo, akasema kaka mtazame bega la kushoto, likishuka ujue anavuta pumzi aingie kwa nguvu, usimtangulie. Basi nikakaa natazama bega la mtu onyesho zima.

Lakini kigumu kuliko vyote ni kutopiga kwa mtindo wako mwenyewe. Mimi nina mkono wangu, nina madoido yangu ninayoyapenda, na nafasi za kuyamwaga zilikuwepo kabisa. Ila yule mama amezoea kupumua juu ya mapigo ya ndugu yule mgonjwa, kiki, ile dramu kubwa ya mguu, inavyokaa na besi, sneya, ile ndogo ya mlio mkali, inavyoingia kwa kuchelewa kidogo, ukibadilisha anayumba, na akiyumba yeye kusanyiko zima linaloabudu linayumba naye. Kwa hiyo unapiga mkono wa mtu mwingine. Hata vyombo ni vyake, kwenye zulia amebandika vipande vya tepu kuonyesha kila stendi inasimama wapi, mimi nikashusha kiti tu kwa sababu yeye ni mrefu, na nikimaliza nakirudisha kilipokuwa. Wapendwa hiyo ni ibada. Zaburi ya 33 inasema pigeni kwa ustadi, na 1 Mambo ya Nyakati 16:5 inamtaja Asafu, huyu huyu tunayesoma zaburi zake, kwamba mbele ya sanduku la agano kazi yake ilikuwa matoazi. Asikudanganye mtu kwamba anayekaa nyuma na vyombo hana huduma.

Kuna habari moja ambayo sisi wapiga dramu tunaijua sana. Juni 1964 The Beatles, bendi ya Uingereza, wako kwenye kilele, kesho yake wanaanza ziara ya nje, na tarehe 3 mpiga dramu wao Ringo Starr akaugua koo, akapelekwa hospitali. Akatafutwa Jimmie Nicol, kijana wa miaka 24, mpiga dramu wa studio pale London. Wakafanya naye mazoezi mchana ule ule, na tarehe 4 yuko Copenhagen kule Denmark amevaa suti ya Ringo na ukumbi mzima unapiga mayowe. Aliwezaje? Nyimbo alikuwa anazijua tayari, alishazipiga kwenye rekodi ya watu wengine waliozirudia. Wakaenda Uholanzi, wakaenda Hong Kong, wakaenda Adelaide kule Australia. Tarehe 14 Ringo kapona, akawakuta Melbourne, na kesho yake asubuhi Nicol akasindikizwa uwanja wa ndege. Walimpa saa ya dhahabu iliyochongwa maneno ya shukrani, na malipo yake alilipwa, hilo tuliseme maana wapo wengi hawapati hata hiyo. Kuna picha yake amekaa peke yake anasubiri ndege. Mwaka uliofuata, 1965, alitangazwa kufilisika.

Simlaumu Ringo, kiti kilikuwa chake. Lakini hiyo picha imenikaa, na hapo ndipo Roho alinigeuza, maana nilikuwa nataka kuandika juu ya unyenyekevu wa yule anayeitwa, nikajikuta nimefungua Nehemia 13.

Msome mstari wa 10 na 11 leo kabla hamjalala. Nehemia alikuwa amesafiri kwenda kwa mfalme, anarudi anakuta Walawi na waimbaji hawapo nyumbani mwa Mungu. Wako wapi? Kila mtu amekimbilia shambani kwake. Kwa nini? Hawakupewa sehemu zao. Na tazama alichofanya mtu wa Mungu, hakwenda kule mashambani kuwahubiria waimbaji juu ya kujitoa, hakuwaambia mmerudi nyuma kiroho. Aliteta na wakubwa! Akawauliza, "Mbona nyumba ya Mungu imeachwa?" Halafu ndipo akawakusanya waimbaji akawaweka mahali pao. Kwa Nehemia, mpiga ala akikosa fungu lake ni nyumba ya Mungu iliyoachwa, siyo shida binafsi ya mpiga ala.

Sasa wachungaji wangu, waandaaji wa matamasha, ndugu zangu waimbaji mliopewa neema ya kujulikana, niwasemeshe kwa upendo lakini niwasemeshe. Hili la kumwita mtu usiku, afanye kazi ya wiki kwa siku moja, halafu baada ya onyesho simu haipokelewi, au unamshika bega unamwambia "Mungu atakulipa kaka", liachwe. Mungu atamlipa ndiyo, lakini wewe uliyemwita ulikubaliana naye kiasi. Walawi 19:13 inasema ujira wa mwajiriwa usikae kwako usiku kucha mpaka asubuhi. Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Fikiria, watu wameinua mikono wanalia mbele za Bwana kwa ule wimbo wako, na kwenye masikio yale yale ya Bwana kuna ujira wa mtu uliyempigisha dramu unalia na wenyewe. Nimeshakaa kwenye ngazi za nyuma ya jukwaa na wenzangu watu wazima, wana familia, wanasubiri mtu aliyesema nakuja sasa hivi, mpaka mafundi wanakunja nyaya wanaondoka sisi bado tumekaa. Wengine wao leo hawaingii tena kwenye nyumba ya ibada, wanapiga kwenye mabaa, na tunawasema. Tumejiuliza kwanza kama sehemu zao walipewa?

Na siyo fedha peke yake. Jua jina lake. Unamwomba akusaidie kumtukuza Mungu, muulize anaitwa nani kabla hujapanda. Huyu mama niliyempigia, namshukuru Mungu kwa ajili yake, alikuja kabla ya kuanza akapiga magoti pale pale kwenye zulia, akaniwekea mkono akaomba kwa jina langu, akasema Bwana mpe mtumishi wako utulivu. Wale waliosahau jina langu baadaye ni washereheshaji, yeye hakusahau. Nilipiga onyesho lile mikono haitetemeki.

Na wewe mwenzangu unayeshika nafasi ya mwingine, labda siyo dramu, labda unafundisha watoto darasa la mtu aliyesafiri, unaongoza kikundi cha maombi mpaka kiongozi apone, unauguza mzazi kwa sababu ndugu zako wako mbali, fanya kama wako. Usifanye nusunusu kwa sababu eti si mahali pako. Na mwenyewe akirudi, inuka bila kinyongo, mpishe, mwambie karibu ndugu, tulikuwa tunakuombea. Usitamani ugonjwa wa mtu uendelee ili wewe ukae. Hilo nalisema kwa uzito kwa sababu wazo hilo huja, linakuja laini kabisa, jamani mbona umependwa hapa, na dawa yake niliyoiona mimi ni kumwombea mtu huyo kila siku kwa jina lake, siyo mara moja. Huwezi ukamwombea mtu kila asubuhi apone halafu jioni ukamwonea wivu kiti chake, kimoja kitakufa. Wiki hii wivu ndio unaokufa kwangu, namshukuru Bwana. Haujafa wote bado.

Yupo na Barsaba, yule aliyesimamishwa pamoja na Mathiya, aliyekuwa na sifa zote na kura haikumwangukia. Yeye nitamwandikia siku nyingine maana najua wapo humu wanaomsubiri.

Jambo la mwisho ni hili. Yule ndugu mgonjwa naye ni wa kulipwa kwa onyesho, asipopiga hapati kitu, na madaktari wamemwambia asiguse vijiti mpaka mkono upone vizuri. Nimeshaongea na mke wake, dawa zipo, ila kodi ya nyumba imefika. Mimi natoa sehemu ya nilicholipwa, na yule mama amesema atatoa. Anayeguswa anitumie ujumbe kabla ya Ijumaa, na wanaoweza kufika tutaenda kumwona Jumamosi asubuhi tukaombe naye.