Bodi iliungua, leseni ikagoma

Umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa nguvu, na asubuhi kompyuta ya nyumbani haikuwaka. Fundi wangu hapa Mombasa aliifungua akanionyesha kapasita mbili zilizovimba kwenye bodi mama, ile inayounganisha sehemu zote za kompyuta. "Bodi imekwisha, dada." Akanitafutia nyingine ya modeli ileile, ya mtumba. Jioni mashine ikawaka, mafaili yote yapo.

Lakini kona ya chini ya skrini palikuwa na maandishi ya kijivu: niamilishe Windows, yaani nithibitishe kwamba leseni yake ni halali. Windows niliyoilipia! Fundi akasema ataipitisha kwa kraki, kiprogramu cha kuidanganya Windows kwamba imelipiwa, mbona wengi hufanya hivyo. Nikakataa. Kompyuta hiyo ndiyo ninayolipia karo ya watoto, na sijui aliyeitengeneza kraki ameficha nini ndani yake.

Nikafungua kile kidirisha cheusi cha amri, nikaandika slmgr /dli, amri ya kuonyesha aina ya leseni. Kwenye maelezo yaliyotokea nikaona herufi tatu: OEM. Leseni ya aina hiyo huzaliwa na kufa na kompyuta iliyokuja nayo. Ya rejareja, inayoandikwa RETAIL, ndiyo unayoweza kuihamishia mashine nyingine, na bei yake iko juu. Dukani sikuambiwa lolote kati ya hayo. Risiti yangu inasema tu "Windows original".

Nikaketi na masharti ya OEM hadi usiku. Humo nikakuta jambo ambalo hata fundi hakulijua: ukibadilisha bodi kwa kutaka yenye nguvu zaidi, Microsoft, wenye Windows, wanaihesabu kompyuta mpya, leseni ununue upya. Bodi ikiwa imeharibika, na ukarudishia ya modeli hiyohiyo, leseni yako inaendelea.

Fundi akaniandikia karatasi kwamba bodi iliungua, na modeli ya zote mbili. Nikapiga simu ya Microsoft ya kuamilisha, nikasoma tarakimu kundi baada ya kundi, nikajieleza. Nikapewa tarakimu nyingine za kuingiza, na yale maandishi yakafutika.

Sina ugomvi na OEM, ni nafuu. Kinachoniudhi ni kuuziwa bila kuelezwa, ilhali Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mnunuzi haki ya kupata taarifa za kumwezesha kufaidika na alichonunua. Juzi mdogo wangu alipokwenda kununua kompyuta yake nilimsindikiza, na hatukutoa pesa mpaka muuzaji alipoandika kwenye risiti, kwa kalamu: leseni ni OEM, haihamishiki.