Homa ya Corolla

Tabora, Jumapili usiku

Mama mkwe alishuka stendi Alhamisi, katokea Urambo, ana gunia la karanga na kuku wawili waliofungwa miguu. Alipokaa kiti cha mbele tukasimama kidogo kupisha bodaboda, akaweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha pale kama anayempima mtoto joto. "Baba," akaniambia, "hili gari lina homa?"

Nikacheka. Nikamwambia ni uzee tu, mama, la mwaka 1994 hili. Akasema hata yeye ni mzee, mbona hatetemeki. Kisha akageukia kuku wake, habari ikaishia hapo. Kwake.

Mimi usiku sikulala vizuri. Kazi yangu ni maabara. Mwaka wa kumi na moja huu natoboa vidole vya watu, naweka tone nene na tone jembamba kwenye kioo, napaka rangi, naangalia hadubini. Wakati wa mvua ndugu zangu wa Tabora wanajaa benchi mpaka nje. Mtu akija na dawa mseto alizojinunulia dukani, kameza nusu, nusu kamwachia mdogo wake, namsema mpaka mwenzangu wa meza ya pili anakohoa ili ninyamaze. "Ulipima? Nani kakwambia ni malaria? Kila homa ni malaria?" Maneno yangu hayo, nayajua kwa moyo.

Sasa nihesabu nilichofanyia gari langu toka mwaka jana.

Lilianza kumisi, yaani kukatakata, kwenye sailensi, ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama. Mwendoni halina neno, ila likisimama mguu haupo kwenye mafuta, usukani unacheza, kioo cha ndani kinatikisika mpaka gari la nyuma naliona mawili mawili. Nikaenda gereji ya kwanza. Kijana akafungua boneti, akasikiliza kama sekunde tano, akasema plagi. Nikanunua plagi nne. Likatulia wiki mbili, nikamsifu kila mahali. Likarudi. Gereji ya pili wakasema filta ya mafuta, tukabadili. Halafu pampu ya mafuta, hiyo ilinila 120,000 na sikumwambia mke wangu bei kamili (akisoma hapa, samahani mama). Halafu tukarudi kwenye plagi, nne nyingine. Mwisho kijana mmoja akashika bisibisi akanipandishia sailensi, injini ikawa inavuma juu juu muda wote, mtetemo ukapungua. Nikamlipa, nikashukuru.

Ile ilikuwa panadol. Mimi, mtu wa maabara, nililipia panadol nikashukuru.

Kibaya zaidi ni kwamba nilishazoea. Nikifika foleni mkono wenyewe unatoa gia ya D (ya kwendea) unaweka N (huru), kwa sababu likiwa kwenye D linatikisika zaidi. Asubuhi za mvua nililiwasha dakika kumi kabla ya kutoka, eti lipate moto. Mafuta yakawa yanaisha haraka, nikalaumu bei. Sikuwa naliona tena kuwa ni ugonjwa. Ikabidi aje mtu wa Urambo, ambaye gari anapanda mara tatu kwa mwaka, aweke kiganja.

Jana Jumamosi nikaenda kwa mzee mmoja upande wa Isevya. Gereji yake ni mwembe mkubwa na banda la mabati, chini pamejaa kokwa za maembe zilizokanyagwa na matairi. Aliwahi kufanya kazi za ufundi reli, zamani hizo, na mji wetu huu reli ndiyo iliyoupa sura: hapa ndipo njia ya Kigoma na njia ya Mwanza zinapoachana. Nikamwamkia, akaitika, "Marahaba, daktari." Mtaani kila anayevaa koti jeupe ni daktari, nimeacha kubisha.

Nikaanza kumweleza: mzee, nadhani ni noseli ya mafuta, au labda koili ya umeme wa plagi. Akainua mkono. "Wewe mgonjwa akikuletea jina la ugonjwa unamwandikia hilohilo?"

Nikanyamaza.

Akasema niliwashe, liache lipate moto. Hakugusa spana. Akaenda nyuma, akashika kipande cha gazeti mbele ya eksozi. Gazeti likawa linapigwa pu, pu, pu, halafu linasita, kisha pu, pu, pu tena. Kusita kulikuwa na zamu. Akanieleza kwamba kama lingesita ovyo ovyo angefikiria mafuta au hewa, lakini linalosita kwa zamu linanuka silinda moja isiyofanya kazi. Injini ya Corolla yangu, aina ya 5A-FE, ina silinda nne, na tatu zilikuwa zinaibeba ya nne.

Halafu akatoa kipande cha waya. Toyota za miaka hiyo zina kiboksi cheusi chini ya boneti, ukifungua mfuniko unaona matundu yenye herufi. Akaunganisha tundu la TE1 na la E1, akaniambia niwashe swichi bila kupiga stata, nitazame taa ya injini kwenye dashibodi. Ikawa inapepesa sawasawa, haipumziki. Nikamwambia. "Basi kompyuta inasema haijambo," akajibu. Ingekuwa na la kusema, ingepepesa kwa mafungu, unahesabu unapata namba ya kosa. Lakini kompyuta ya zamani hii haijui silinda ikilala. Inajua vipimo vyake tu, kama hali ya joto na hewa, na hivyo vilikuwa salama. Nami nimewahi kutoa majibu ya "hakuna vimelea" kwa mtu aliyekuwa anaungua kwa homa ya kitu kingine kabisa, kwa hiyo nilimwelewa upesi.

Sehemu iliyofuata ndiyo niliyoipenda. Akavaa glavu nene ya mpira, akawa anachomoa waya za plagi moja moja injini ikiwaka, na kila anaouchomoa anauvalisha plagi ya akiba aliyoilaza juu ya chuma cha injini, ili moto wa umeme upate pa kwenda usije ukaua koili. Waya wa kwanza: injini ikayumba, karibu izime. Akaurudisha. Wa pili: vilevile. Wa tatu: hakuna kilichobadilika. Injini ilikuwa inatetemeka, ikaendelea kutetemeka kama ilivyokuwa. Wa nne ikayumba.

"Umeona? Tatu haikuwepo kazini. Ukimtoa asiyefanya kazi, nani atajua?"

Na moto kwenye ile plagi ya akiba ulikuwa wa bluu, mkali. Kwa hiyo moto ulikuwa unafika mwisho wa waya. Ulipotelea wapi? Akamulika tochi kwenye shimo la plagi namba tatu. Oili. Imejaa mpaka plagi haionekani kichwa.

Kwenye injini hii plagi zinakaa kwenye mashimo marefu katikati, na mipira inayozuia oili ya juu isiingie humo imekaa chini ya tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini. Mipira ikikakamaa kwa joto la miaka, oili inachuruzika polepole. Inalainisha kofia ya mpira ya waya, inavimba, inapasuka. Akaichomoa plagi, akaifuta, akanionyesha kwenye kigae chake cheupe mstari mweusi mwembamba kama unywele. Ndiyo njia ya moto. Badala ya kuruka ile nafasi ya milimita 1.1 kwenye ncha, ndani ya hewa iliyobanwa, moto ulikuwa unateremka kwenye huo mstari na kutokea kwenye ufa wa kofia, unaishia ukutani mwa shimo.

Ndipo nikaelewa zile wiki mbili. Kijana wa kwanza alipoweka plagi mpya alifuta shimo. Kila kitu kikavu, kofia haijapasuka sana, likapona. Oili ikajaa tena, homa ikarudi. Nusu dozi.

Nikamuuliza mbona mwendoni lilikuwa zima. Akasema halikuwa zima. Lilikuwa linakwenda na silinda tatu, ila kwa mwendo mtikiso haupati nafasi ya kusikika. Hapa kwetu hatuna milima ya kukuumbua, akaongeza. Ungeenda nalo Kigoma ungejua.

Nikanunua gasketi ya tapeti kava, mipira minne ya mashimo, seti ya waya, plagi moja. Plagi nyingine tatu akazirudisha zilezile, hazina kosa. Tukawasha. Mtetemo umekwisha, lakini injini sasa inapanda na kushuka yenyewe, vuuu, inalegea, vuuu. Mimi moyo ukafa. Yeye akafurahi: "La pili hilo, lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza." Akachukua kipande cha hozi, ncha moja sikioni, nyingine akaitembeza nyuma ya injini. Kama daktari kweli. Akasimama. Nikasikiliza mimi pia: ssss, nyembamba. Mpira wa vakyumu mmoja ulikuwa umepasuka karibu na shingo, unavuta hewa ya wizi. Akaubana kwa vidole, injini ikatulia papo hapo. Sentimita ishirini za hozi mpya. Akasafisha koo la throtoli, pale hewa inapoingilia injini, lililokuwa na masizi kama sufuria ya kuni, akarudisha ile skrubu ya sailensi pale ilipotakiwa, mshale ukalala kwenye mizunguko 800 kwa dakika.

Kwa kazi ya saa nne, ufundi alinitoza chini ya bei ya pampu.

Leo baada ya ibada nikamrudisha mama mkwe stendi, mke wangu nyuma. Pale barabara inapokata reli tukasimamishwa, behewa za mizigo zinapita taratibu, za mwisho hazionekani. Mkono ukaenda wenyewe kwenye N. Treni ikaisha, kimya. Nikadhani gari limezima. Nikapiga stata, likatoa yowe la chuma hadi mwenye baiskeli akaruka pembeni. Lilikuwa linawaka muda wote.

Mama mkwe akaweka kiganja dashibodi. "Mmh," akasema. "Imeshuka."