Tipa la pili

Leo Ijumaa, saiti imefungwa mapema, nami nimekaa barazani na daftari langu la kazi. Ukurasa wa Jumatatu nimeuandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Kifusi, tipa 2, kimeondolewa." Kimeondolewa kwenda wapi, sikuandika. Wiki nzima nimekuwa nikiufungua ukurasa huo na kuufunga.

Tunachimba mtaro wa maji ya mvua huku Ng'ambo, mjini Unguja. Waliozaliwa bondeni wanajua kwa nini tunauchimba. Masika yakishuka kwa nguvu, maji huingia mpaka uvunguni mwa kitanda na kukaa humo siku kadhaa. Kazi naipenda. Jumatatu asubuhi kijiko kilipofika kina cha kimo cha mtu, udongo ulibadilika. Juu ulikuwa ule wa kawaida wa mjini, vipande vya matofali, vigae, mifuko iliyozikwa zamani. Chini yake ukatoka mweusi unaong'aa, ukiufinyanga unanata vidoleni, na harufu yake ni oili chafu tupu. Mzee mmoja wa mtaa alikuwa amesimama kando, akasema bila kushangaa hata kidogo: "Hapo palikuwa na gereji, mwanangu. Mimi kijana naiona. Oili walikuwa wakimwaga hapo hapo."

Harufu ile niliisikia asubuhi. Kazi nimeisimamisha saa nane mchana. Tulikuwa nyuma ya ratiba, nikajiambia tuchimbe kidogo kwanza tuone kama unakwisha. Haukwisha, na kati ya asubuhi na saa nane matipa mawili yalikuwa yameshatoka.

Asiyeishi Unguja huenda asielewe kwa nini tipa la kifusi halirudi na mzigo wake hata siku moja. Mchanga kwetu ni mali inayokwisha. Kuchimba kunataka kibali, mashimo ya Donge na Pangatupu yamekula mashamba, na bei yake anayejenga anaijua. Kwa hiyo mtu mwenye kiwanja cha bondeni akiona tipa linapita limejaa, hata kama limejaa takataka za ujenzi, hulipungia mkono. Dereva hupewa ya chai, anamwaga, kila mmoja anashukuru. Mji wenyewe umekua hivyo. Pale Darajani palikuwa na daraja kweli, juu ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa kidogo kidogo mpaka pakawa nchi kavu na watu wakasahau kwamba walikuwa wakipita juu ya maji.

Jioni ile nilichota udongo nikautia kwenye chupa ya glasi, nikajaza maji safi, nikatikisa, nikaiweka dirishani. Baada ya Isha nilipoirudia, mchanga ulikuwa umelala chini, na juu ya maji pametanda utando wenye rangi za upinde wa mvua. Nikaitazama kwa muda mrefu ile chupa. Chini ya sehemu kubwa ya kisiwa hiki pana jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango, na maji tunayokunywa yanatoka humo humo ardhini, kwenye visima na kwenye chemchem kama za Mtoni na Bububu. Ukimwaga kitu juu, mvua inakipeleka chini.

Jumanne tulibishana. Tulitandika nailoni nzito, udongo mweusi tukaurundika juu yake, tukauzungushia tuta na kuufunika turubai ili mvua isiupige. Hapo hatukutofautiana. Ugomvi ulianza kwenye swali la pili, unakwenda wapi. Mmoja akasema tuuchanganye na udongo mwekundu, hautaonekana. Nilimjibu kwa ukali kuliko nilivyokusudia: ukichanganya tipa moja chafu na tisa safi unapata matipa kumi machafu, na hakuna tena anayeweza kuyatenganisha. Mwengine akasema kuna mahali pwani, nyuma ya mikoko, watu humwaga usiku. Kimya kikapita. Naamini kila mmoja wetu pale anamjua mtu anayeokota chaza au kuvua kaa kwenye mikoko. Wa tatu akataja jaa la Kibele, na huyo angalau alitaja mahali panapojulikana, ila hata jaani udongo kama huu hautupwi tu juu ya taka nyingine. Lazima kwanza ujulikane umebeba nini.

Yote yanasimama kwenye jibu hilo. Ikiwa ni oili na dizeli peke yake, ina dawa na dawa yenyewe ni ya mkulima: unautandaza tabaka jembamba juu ya sakafu isiyopitisha maji, unautia samadi, unaunyunyizia maji, unaupindua mara kwa mara upate hewa, na vijidudu vilivyomo ndani ya udongo huila oili hiyo mwezi baada ya mwezi. Joto letu linasaidia. Lakini gereji ya zamani haimwagi oili peke yake. Kuna betri zilizopasuliwa, kuna petroli ya miaka ile iliyotiwa madini ya risasi, na risasi hailiwi na kijidudu chochote. Itabaki pale pale wajukuu wakizaa wajukuu. Sampuli zimeshakwenda maabara, tunasubiri.

Usiku wa Jumanne sikulala vizuri, nikasoma namna wenzetu wanavyofanya. Japani wana sheria ya udongo uliochafuka tangu mwaka 2002. Tokyo walipotaka kulihamisha soko lao kubwa la samaki kutoka Tsukiji kwenda Toyosu, ardhi ya Toyosu ilikuwa ya kiwanda cha gesi cha zamani, imejaa benzini, aseniki na sianidi. Soko lilikuwa lihame Novemba 2016, likahama Oktoba 2018. Kilichonikaa moyoni, hata hivyo, ni jambo dogo zaidi. Tangu 2010, kwao, udongo uliotoka eneo lililotangazwa kuwa limechafuka hausafirishwi bila karatasi. Anayeutoa anaijaza, anayeubeba anaijaza, anayeupokea anaijaza, kisha inarudi kwa wa kwanza ajue kwamba mzigo wake umefika ulikotakiwa. Na mimi nina neno moja tu kwenye daftari langu, kimeondolewa.

Dereva wa tipa la kwanza alikumbuka. Jumatano baada ya Laasiri alinipeleka bondeni upande wa Mwanakwerekwe, kwa bi mkubwa mmoja anayeishi na wajukuu watatu. Nikamwamkia, akanikaribisha kwa bashasha, akadhani nimekuja kutazama kama kifusi kimetosha. Alikuwa ameshakitandaza na watoto kwa majembe na mabeseni, nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kisimani. Na kwenye kona moja amechomeka vikonyo vya tembele.

"Nilipouona mweusi nikasema alhamdulillahi, huu una rutuba," akaniambia.

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikarudia. Mjukuu mdogo alikuwa amechuchumaa anachora mistari kwenye udongo ule kwa kidole, kisha kidole mdomoni. Bi mkubwa alimwita ndani, akamnawisha mikono kwa sabuni kimya kimya, akarudi akasimama mlangoni.

"Mwanangu, mimi niliomba. Hamkuniletea kwa nguvu."

Maneno yale aliyasema kunipunguzia mzigo, nami ndiyo yaliyoninyima nguvu ya kumtazama. Aliomba udongo. Kujua udongo gani ilikuwa kazi yangu, ndiyo ninayolipwa kwayo.

Jana tuliurudisha wote, na tukakwangua na udongo wake wa asili uliokuwa chini, kwenda chini kiasi cha upana wa kiganja, kwa hiyo tulitoka na zaidi ya tulichomwaga. Tumempelekea mwekundu safi badala yake. Nimemwomba asitumie kisima kwanza mpaka maji yapimwe, na ndoo anajaziwa kwa jirani. Tembele aliling'oa mwenyewe. Alikataa nimsaidie.

Tipa la pili halijapatikana. Dereva wake ni kijana, ana heshima, hajanificha kitu. Anasema mtu alimpungia njiani, akakata kulia, akamwaga, akapewa ya chai, akaondoka. Siku ile alikuwa na safari sita. Jana magharibi na leo asubuhi tumezunguka pamoja, mimi nikiwa na chupa yangu, tukisimama kila palipo na rundo jipya, tukishika, tukinusa. Viwanja vinavyojazwa ni vingi kuliko nilivyowahi kufikiri. Tumekuta vifusi vya kila rangi, na wenyewe wakituuliza kama tumekuja kuwaongezea.

Kesho tutaanzia upande wa Tomondo. Kama Jumatatu iliyopita, kati ya asubuhi na saa nane mchana, uliletewa kifusi cheusi chenye harufu ya gereji, au umekiona kwa jirani, tafadhali msikipandie kitu na watoto wasikichezee. Kifunikeni na nailoni kabla mvua haijanyesha, mkamwambie sheha wenu. Tutakuja kukichukua wenyewe, na udongo mwengine tutaleta.