Ya kusaidia ama ya mtoto wako?

Tangu Jumanne naosha vyombo huku nikijibizana na mtu asiyekuwepo. Baba Watoto ameshaniuliza mara mbili naongea na nani.

Naongea na kijana wa mabegi wa soko la Kamukunji, hapa Nairobi.

Mnakumbuka chama chetu cha akina mama kiliamua mwaka huu pesa za Desemba zisiishie kwenye nyama choma (ya mwaka jana siyarudii). Kila mama achukue kijana mmoja wa mtaani ambaye kwao kumekaza, amnunulie zawadi za Krismasi zisizozidi shilingi 1,500. Vitu viwe vipya, mitumba hapana, na risiti zifike kwa mweka hazina. Mimi nikapata binti ya mama fua wetu, yule wa miaka 15 niliyewahi kuwaandikia kwamba husomea kwenye ngazi za ploti kwa sababu taa ya pale haizimwi. Ni wa lile kundi la kwanza la mtaala mpya wa CBC, walioingia Gredi ya 7 mwaka wa 2023 na Januari 2026 wanaingia Gredi ya 10. Ameitwa shule ya bweni. Mamake anahangaikia sanduku, godoro na ndoo. Nikajiambia, begi ni langu.

Basi Jumanne nikasimama mbele ya kijana yule. Ana mafungu mawili, moja kushoto, moja kulia. Nikamwambia nataka begi la shule, la msichana. Hata hakuinua macho, alikuwa akifunga kamba dazeni ya mteja mwingine.

"Anti, ni ya kusaidia ama ni ya mtoto wako?"

Nami nikajibu upesi, kama mwanafunzi aliyejua jibu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza: "Ya kusaidia."

Akanielekeza kwa mdomo fungu la kushoto. Mia nne hamsini. La kulia lilikuwa mia tisa. Nikalipa kwa M-Pesa, nikaenda zangu.

Ni hayo tu. Hakunitukana wala hakunipunja. Desemba yote anauzia watu wa makanisa na wa vyama kama chetu, na ameshagundua swali moja linalomwokolea muda. Kinachonikera ni ile haraka yangu. Ningeweza kumuuliza, "Kwani zina tofauti gani?" Ningeweza kusema, "Ni ya msichana," nikanyamaza. Jumatano, saa nane usiku, nilipata jibu zuri kabisa: "Nipe ile ungempelekea dadako." Saa nane usiku, Kamukunji imefungwa, na mimi nimekaa kitandani nikijipongeza.

(Dadangu alilipiwa mahari Jumapili iliyopita, na Baba Watoto ameongezewa mkataba wa mwaka mmoja. Namshukuru Mungu. Nitayaandika siku nyingine.)

Ijumaa nikavipanga vitu vyote kitandani. Pakiti tatu za sodo. Sheria ya mwaka 2017 inasema msichana wa shule ya umma apewe bure, lakini hiyo ni shuleni, na likizo ni ndefu. Chupi mpya. Kufuli ya sanduku. Mafuta ya kujipaka. Na begi. Hesabu ilikuwa 1,250, nikabaki na mia mbili hamsini na fahari kidogo. Kisha nikavitazama tena, nikaona ni kama nimepanga dawa. Vyote vinahitajika, lakini hakuna hata kimoja ambacho msichana wa miaka 15 angekimbia kumwonyesha rafiki yake.

Binti yangu akaingia kutafuta chaja. Akaliona begi.

"Mama, hiyo ni ya nani?"

Nikamweleza. Akavuta zipu, ikakwama katikati. Akalinusa.

"Kila mtu analijua hili begi," akasema. "Ni lile la 'tunawashukuru wafadhili wetu.' Akiingia nalo bweni, hata hatahitaji kujieleza."

Nikamkumbusha kwamba ni jipya. Akanijibu kwamba upya wenyewe ndio unaosema. Mabegi ya darasani kwao mengi ni ya mtumba, na mtumba hakuna anayekuuliza ulipewa na nani. Ana miaka 14 huyu. Sijui haya anajifunzia wapi, na sikupenda kuwaza kwamba huenda anajifunzia kwangu.

Leo alfajiri tukapanda matatu ya Jogoo Road, tukashukia Muthurwa, tukaenda soko la mitumba la Gikomba kwa miguu. Sijatembea naye hivyo tangu alipoanza kuona haya kushikwa mkono. Saa kumi na mbili na nusu tulikuta robota la mabegi ndiyo kwanza linafunguliwa, na mwanangu, ambaye nyumbani haoni soksi iliyo mbele ya macho yake, akaingiza mikono na kuchomoa moja la buluu, mikanda minene, zipu ya chuma. Kamera yenyewe, yaani mtumba wa daraja la kwanza. Mimi nilikuwa bado nachungulia fungu la fagia, yale masalio ya bei ya chini, mazoea ni mabaya. Ndani kuna jina la mtoto wa ng'ambo kwa wino. Binti akasema litatoka kwa spiriti.

Muuzaji alitaka mia saba. Huku akilikung'uta akauliza, "Ni ya nani, mathe?"

"Ya mtoto," nikasema.

Binti yangu akaniangalia. Sikusema ni mtoto wa nani, naye hakuuliza. Tukalichukua kwa mia tano.

Njiani akanisimamisha kwenye meza ya mapambo, akachagua hereni za shilingi hamsini, nyekundu, ndogo kama punje za mtama. Nikamwambia bweni hawamruhusu kuzivaa.

"Si ndiyo maana? Atavaa Krismasi."

Kwa hiyo nimepita bajeti kwa mia tatu kutoka mfukoni mwangu, sina risiti ya Gikomba, na nimevunja sheria ya mitumba ambayo niliiunga mkono kwa kuinua mkono. Mweka hazina nitamwonyesha risiti ya M-Pesa ya mia nne hamsini na kuomba asiulize. Begi lenyewe la Kamukunji tumelibebea viazi, zipu ikang'oka kabla hatujafika stegi.

La buluu limeanikwa dirishani, linanuka spiriti. Herufi mbili za mwisho za lile jina zimekataa kutoka. Nimeshindwa kuamua kama nizifunike kwa kiraka au nimwachie mwenyewe.

Na maji hayajaja. Zamu yetu ni Alhamisi, leo ni Jumamosi, na mama mkwe anafika Jumatatu na mabasi ya asubuhi. Nimegonga pipa la bafuni sasa hivi. Kutoka katikati kwenda juu linalia tupu.