Pilipili mbuzi ina harufu jamani, tusiiue

Huku Mtwara ukisema pilipili mbuzi watu wanawaza kuwashwa tu, na ndo maana pilipili nyingi za mezani zinakuwa moto mtupu, unaonja unalia basi, ladha hamna. Mi naona tunaionea. Pilipili mbuzi ikiiva ile ya manjano ina harufu ya kama tunda na hiyo harufu ndo naitaka, ukali unakuja nyuma yake. Bibi zetu walilijua hili kitambo, ndo ile kuiweka pilipili nzima ielee juu ya mchuzi wa nazi bila kuipasua, mchuzi unanukia na watoto wanakula.

Ukali mwingi haukai kwenye mbegu kama tulivyozoea kusema, unakaa kwenye ule utando mweupe wa ndani ulioshika mbegu, mbegu zinawasha kwa sababu zimegusana nao. Kwahiyo mi nautoa utando karibu wote nabaki na nyama ya pilipili, afu naweza kuweka pilipili nyingi zaidi na harufu inajaa. Ndugu yake, pilipili habanero, kwenye kipimo cha ukali wa pilipili cha Scoville, kile alichoanzisha Wilbur Scoville kule Marekani mwaka 1912, anafika kati ya 100,000 na 350,000, wakati pilipili halapenyo iko 2,500 mpaka 8,000, kwahiyo hata ukitoa utando usiogope, itawasha tu. Paka mikono mafuta kabla ya kukata na ukimaliza nawa na sabuni, maana kinachowasha hakitoki kwa maji matupu, kinayeyuka kwenye mafuta.

Na hapo ndo korosho inapoingia kwenye pilipili yangu ya mezani, sisi tunayo kwanini tusiitumie? Msimu wa korosho na embe mbichi vinakutana mwisho wa mwaka, raha sana. Nachukua korosho za vipande (zile nzima bei juu na hapa hazihitajiki) naloweka kwenye maji ya moto zilainike, nakaanga kitunguu saumu kwa moto mdogo kisiungue, natia pilipili, naacha dakika chache madirisha yote wazi maana ule moshi utakohoza nyumba nzima, afu embe mbichi iliyokunwa, chumvi, maji kidogo. Embe ikilainika nasaga vyote na korosho. Inatoka nzito, laini, na mafuta ya korosho yanaushika ule ukali unakuja taratibu, haukurukii. Nyanya siweki kabisa, inazima harufu. Embe zikiisha natumia ukwaju, inakuwa nyeusi kidogo lakini tamu vilevile. Inakaa kwenye chupa safi ndani ya friji na kila siku kijiko kikavu, usiiache kabatini, hii ina korosho na kitunguu saumu, ni chakula cha kuharibika hicho.

Sasa vya kula nayo. Muhogo wa kukaanga sawa, samaki wa kuchoma sawa, ila jaribu na ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kwetu. Ming'oko tumezoea ya kuchemsha na chumvi na pilipili ya unga na hiyo siikatai hata kidogo, lakini ikiwa bado ya moto ukaichovya kwenye hii ya embe na korosho, utamaliza sahani hujaongea na mtu. Na pweza! Pweza wa kuchemsha akatwe vipande vidogo, ndimu kidogo tu kwa sababu embe tayari ina uchachu wake, mwagia juu akiwa na joto.